Wahamiaji baharini: Kuokolewa si mwisho wa safari

Na Mwandishi Wetu

MEI 6, 2009, watu wapatao 200 walikuwa katika boti tatu kwenye Bahari ya Mediterania, umbali wa maili 35 za baharini kusini mwa kisiwa cha Lampedusa, Italia. Walikuwa wametokea Libya. Miongoni mwao walikuwamo Wasomali na Waeritrea waliozikimbia nchi zao, wanawake wajawazito na watoto. Walinzi wa pwani wa Italia waliwafikia, nao wakahamishiwa katika meli za kijeshi za nchi hiyo.

Mtu angedhani kwamba hapo taabu yao ilikuwa imekwisha. Kwa mujibu wa maelezo waliyoyatoa baadaye mahakamani, walinyang'anywa vitu vyao, zikiwamo hati za utambulisho, na hakuna aliyewaambia wanakopelekwa. Baada ya safari ya saa 10 hivi waliiona bandari, lakini haikuwa ya Italia. Ilikuwa Tripoli, mji mkuu wa Libya, nchi ile ile waliyoiacha nyuma. Waligoma kushuka, wakateremshwa kwa nguvu na kukabidhiwa kwa maofisa wa Libya.

Watu 24 kati yao, yaani Wasomali 11 na Waeritrea 13, waliishitaki Italia. Kesi yao, inayojulikana kama Hirsi Jamaa na wenzake dhidi ya Italia, imekuwa rejea kuu kila panapozuka mjadala juu ya haki za wahamiaji wanaovuka bahari. Ndani yake yamo maswali ambayo wasomaji wengi hujiuliza wanaposikia habari za boti kuzama: Je, meli inalazimika kuwaokoa watu wasio na pasi wala viza? Ikishawaokoa, iwapeleke wapi? Na je, sheria inamlinda mtu aliye katikati ya bahari, mahali pasipokuwa mali ya nchi yoyote?

Wajibu usiouliza pasi

Mabaharia wana desturi ya kale kwamba anayezama haulizwi kabila wala dini. Desturi hiyo iligeuzwa kuwa sheria ya maandishi hatua kwa hatua. Kuzama kwa meli ya Titanic mwaka 1912 kuliyasukuma mataifa kukubaliana, mwaka 1914, juu ya mkataba wa kwanza wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini. Mkataba huo, unaojulikana kwa kifupi kama SOLAS, umeandikwa upya mara kadhaa, na unaotumika sasa ni ule wa mwaka 1974 pamoja na marekebisho yake. Unamtaka nahodha anayepata taarifa kwamba kuna watu walio hatarini baharini awaendee kwa kasi yote anayoweza.

Wajibu huo umo pia katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari uliotiwa saini Montego Bay, Jamaika, mwaka 1982, na kuanza kutumika mwaka 1994. Tanzania iliuridhia mwaka 1985 na Kenya mwaka 1989. Ibara ya 98 inaitaka kila nchi imlazimishe nahodha wa meli inayopeperusha bendera yake kumsaidia mtu yeyote anayekutwa baharini akiwa katika hatari ya kupotea, ilimradi nahodha huyo asiiweke meli yake, mabaharia wake na abiria wake katika hatari kubwa. Ibara hiyo hiyo inazitaka nchi za pwani ziwe na huduma madhubuti za utafutaji na uokoaji.

Neno la kulizingatia hapo ni "yeyote". Mkataba wa tatu, uliofikiwa Hamburg, Ujerumani, mwaka 1979, unaeleza bayana kwamba msaada utolewe bila kujali uraia wa mtu, hadhi yake wala mazingira aliyokutwa nayo. Kwa hiyo, nahodha hana mamlaka ya kuuliza kwanza kama aliye majini ni mfanyabiashara, mkimbizi au mhamiaji asiye na kibali. Maswali hayo yana wakati wake na wahusika wake, na wakati huo si pale mtu anapozama.

Mkataba wa Hamburg ndio pia ulioweka utaratibu wa kuigawa bahari katika maeneo ya uokoaji. Kila nchi ya pwani hupokea wito wa dharura kutoka katika eneo lake na kuratibu msaada. Katika pwani yetu, Mombasa kuna kituo cha kanda cha uratibu wa aina hiyo, na Dar es Salaam nayo ina kituo chake.

Hata hivyo, kuwapo kwa sheria hakumaanishi kwamba hufuatwa. Machi 2011, wakati wa vita vya Libya, boti ya mpira iliondoka Tripoli ikiwa na watu 72, wengi wao kutoka Ethiopia na Eritrea. Mafuta yalipokwisha, walimpigia kwa simu ya setilaiti padri mmoja wa Kieritrea aliyekuwa akiishi Roma, naye akavijulisha vyombo vya uokoaji. Helikopta ilikuja ikawashushia maji na biskuti, ikaondoka. Siku zilizofuata, meli ya kijeshi ilipita karibu nao bila ya kuwasaidia. Boti ilielea siku 14 kabla ya mawimbi kuirudisha Libya. Walionusurika ni tisa. Uchunguzi wa Baraza la Ulaya uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba eneo hilo lilikuwa na meli nyingi za kijeshi za mataifa yaliyokuwa vitani, na kwamba kila upande ulidhani au ulidai kuwa jukumu lilikuwa la mwingine.

Aokoe, kisha awapeleke wapi?

Mikataba ya awali ilikuwa na upungufu mmoja mkubwa. Ilimlazimisha nahodha kuokoa, lakini haikuilazimisha nchi yoyote kuwapokea waliookolewa.

Upungufu huo ulionekana wazi Agosti 2001. Meli ya mizigo ya Norway iitwayo Tampa iliwaokoa watu 433, wengi wao Waafghanistani, kutoka katika boti mbovu iliyokuwa ikitokea Indonesia. Nahodha Arne Rinnan alielekea kisiwa cha Christmas, ambacho ni sehemu ya Australia, lakini serikali ya nchi hiyo ikamkatalia kuingia. Meli iliyojengwa kubeba makontena na mabaharia wachache ikabaki na mamia ya watu juu ya sitaha, baadhi yao wagonjwa. Nahodha alipoamua kuingia katika maji ya Australia, makomandoo walipanda melini. Hatimaye watu hao walipelekwa Nauru na New Zealand. Mwaka 2002, nahodha, mabaharia wake na mwenye meli walitunukiwa Nishani ya Nansen na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR).

Kisa hicho kiliwaogofya wenye meli. Iwapo kuokoa watu kunamaanisha kukaa wiki nzima nje ya bandari huku mzigo ukichelewa na gharama zikipanda, nahodha mwingine angeweza kushawishika kugeuza shingo akijifanya hakuona. Ndiyo sababu mwaka 2004 nchi wanachama wa Shirika la Kimataifa la Masuala ya Bahari (IMO) zilirekebisha mikataba ya SOLAS na Hamburg. Kwa marekebisho hayo, yaliyoanza kutumika Julai 2006, nchi yenye eneo la uokoaji ndiyo yenye jukumu la msingi la kuhakikisha waliookolewa wanateremshwa mahali salama mapema iwezekanavyo, na meli haibebeshwi mzigo huo kupita kiasi.

Miongozo ya IMO inafafanua pia maana ya "mahali salama". Ni mahali ambapo maisha ya waliookolewa hayapo tena hatarini, na ambapo wanaweza kupata chakula, malazi na matibabu. Meli iliyowaokoa haihesabiwi kuwa ndipo mahali salama kwa sababu tu watu wametolewa majini. Aidha, miongozo inakumbusha kwamba anayedai kuwa na hofu ya kuteswa hapaswi kuteremshwa katika nchi anayoihofia.

Lakini hata baada ya marekebisho hayo ubishi haukwisha. Malta iliyakataa. Nchi hiyo ina ardhi ya kilomita za mraba 316 tu, ilhali eneo lake la uokoaji ni kilomita za mraba zipatazo 250,000. Msimamo wake umekuwa kwamba waliookolewa wapelekwe bandari salama iliyo karibu zaidi, ambayo mara nyingi ni ya Italia. Italia nayo imekuwa ikisema kwamba aliyeokolewa katika eneo la Malta ni jukumu la Malta. Wakati wakubwa hao wakivutana, watu hukaa juu ya sitaha siku nenda siku rudi.

Mhamiaji na mkimbizi

Ni vyema hapa kutofautisha maneno mawili ambayo huchanganywa. Mhamiaji ni yeyote anayehama, iwe kwa kutafuta kazi, masomo au maisha bora. Mkimbizi, kwa mujibu wa Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951, ni mtu aliye nje ya nchi yake kwa hofu ya msingi ya kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, uraia, kundi lake katika jamii au maoni yake ya kisiasa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) wa mwaka 1969 ulipanua maana hiyo, ukawaingiza pia wanaokimbia uvamizi, utawala wa kigeni na machafuko makubwa.

Tofauti hiyo ina uzito kwa sababu hakuna sheria ya kimataifa inayompa kila mtu haki ya kuingia na kuishi katika nchi aitakayo. Kila nchi inaruhusiwa kulinda mipaka yake, ikiwa ni pamoja na maji yake yanayofikia maili 12 kutoka pwani. Lakini haki hiyo ina mpaka wake. Ibara ya 33 ya Mkataba wa Geneva inakataza kumrudisha mkimbizi, kwa namna yoyote ile, mahali ambapo maisha au uhuru wake utakuwa hatarini. Mkataba Dhidi ya Mateso wa mwaka 1984 unakwenda mbali zaidi, kwani unamlinda kila mtu, awe mkimbizi au la, asipelekwe kwenye nchi ambako kuna sababu za msingi za kuamini kwamba atateswa.

Sasa, ndani ya boti yenye watu 100, nani anaweza kujua yupi anakimbia kifo na yupi anatafuta kazi? Hawezi kujulikana kwa kumtazama usoni. Lazima asikilizwe, mmoja mmoja, mahali penye utulivu na mbele ya mtu mwenye ujuzi. Hiyo ndiyo sababu wanasheria wanasema kwamba kuwarudisha watu wote kwa mkupuo ni kosa hata kama wengi wao si wakimbizi.

Hukumu ya Strasbourg

Turudi kwenye kesi ya wale 24. Mbele ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, iliyo Strasbourg, Ufaransa, Italia ilijitetea kwamba tukio lilitokea bahari kuu, nje ya ardhi yake, na kwamba lilikuwa zoezi la uokoaji. Ilieleza pia kwamba ilikuwa na makubaliano na Libya juu ya kudhibiti uhamiaji, na kwamba watu hao hawakuomba hifadhi walipokuwa melini.

Februari 23, 2012, majaji walizikataa hoja hizo. Walisema kwamba meli inayopeperusha bendera ya nchi iko chini ya mamlaka ya nchi hiyo, na kwamba tangu walipopanda hadi walipokabidhiwa, watu hao walikuwa mikononi mwa Italia peke yake. Makubaliano na nchi nyingine hayaifutii nchi wajibu wake. Na kuhusu kutoomba hifadhi, mahakama ilisema kwamba Italia ilijua au ilipaswa kujua hali ya wahamiaji nchini Libya, ambayo haikuwa imeridhia Mkataba wa Geneva, hivyo ilikuwa juu yake kuchunguza kabla ya kuwarudisha.

Italia ilikutwa na hatia ya kuwaweka watu hao katika hatari ya kutendewa unyama, kuwafukuza kwa mkupuo bila ya kumsikiliza mmoja mmoja, na kuwanyima njia ya kukata rufani. Iliamriwa kulipa euro 15,000 kwa kila mlalamikaji.

Sheria ilivyozungukwa

Kuanzia hapo, nchi ya Ulaya inayotumia meli yake kuwarudisha watu Libya inajua kwamba inavunja sheria. Kilichofuata ni kutafutwa kwa njia ya kuikwepa hukumu hiyo bila kuivunja waziwazi. Februari 2017, Italia ilitia saini makubaliano na serikali ya Tripoli ya kuwapa walinzi wa pwani wa Libya mafunzo na vifaa. Mwaka 2018 Libya ikatangaza eneo lake la uokoaji. Tangu hapo, wanaowakamata wahamiaji na kuwarudisha ni Walibya wenyewe, ingawa boti nyingi wanazotumia zimetoka Ulaya.

Mwaka 2025, Mahakama ya Strasbourg ilitupilia mbali malalamiko juu ya tukio la Novemba 2017, ambalo walinzi hao walihusika na watu kadhaa wakafa maji. Ilisema Italia haikuwa na udhibiti wa eneo hilo wala wa Walibya. Kwa maneno mengine, mlango uliofungwa mwaka 2012 kwa meli za Ulaya ulibaki wazi kwa meli za wengine.

Hata hivyo, si kila uamuzi umekwenda upande huo. Oktoba 11, 2013, boti iliyojaa Wasyria ilikuwa ikizama. Waliokuwamo walipiga simu Roma mara kadhaa, wakaambiwa wapige Malta kwa kuwa walikuwa katika eneo lake. Meli ya kijeshi ya Italia ilikuwa karibu, lakini ilichelewa kupewa amri. Watu zaidi ya 200 walikufa, watoto 60 wakiwamo. Januari 2021, Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa iliamua kwamba Italia ilishindwa kulinda haki yao ya kuishi. Kwa kamati hiyo, anayepokea simu ya mtu anayezama na mwenye uwezo wa kumsaidia hawezi kujificha nyuma ya mstari uliochorwa kwenye ramani.

Mahakama za Italia nazo zimetoa maamuzi mazito. Mwaka 2020, Mahakama ya Rufani ya juu kabisa nchini humo ilikubali kwamba nahodha Carola Rackete hakupaswa kukamatwa mwaka 2019 alipoingia bandari ya Lampedusa bila kibali akiwa na watu 40 aliowaokoa, kwa sababu wajibu wa kuokoa hautimii mpaka watu wateremshwe mahali salama. Na mwaka 2024 mahakama hiyo iliidhinisha hukumu dhidi ya nahodha wa meli moja ya huduma za mafuta aliyewarudisha Libya watu aliowaokoa mwaka 2018. Safari hii mshitakiwa alikuwa nahodha wa meli ya kiraia, si dola.

Msafirishaji na msafirishwaji

Serikali nyingi husema adui ni wafanyabiashara wanaowasafirisha watu kwa magendo. Sheria inakubaliana nazo. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 inayopinga usafirishaji haramu wa wahamiaji, ambayo Tanzania na Kenya zimeiridhia, inazitaka nchi ziwaadhibu wasafirishaji, na adhabu iwe kali zaidi pale wanapohatarisha maisha ya abiria wao.

Lakini itifaki hiyo hiyo inasema mhamiaji hatashitakiwa kwa sababu tu amesafirishwa. Nchi inaweza kumchukulia hatua kwa makosa mengine yaliyomo katika sheria zake, na inaweza kumrudisha kwao kama hana haki ya kubaki, lakini kwa utaratibu na kwa kuheshimu utu wake.

Wazamiaji wa pwani yetu

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa asidhani kwamba haya ni ya Mediterania tu. Kila mwaka maelfu ya Waethiopia na Wasomali huvuka Ghuba ya Aden kuelekea Yemen, na vijana wa bandari zetu wamekuwa wakizamia meli za mizigo kwa miaka mingi wakitafuta maisha ng'ambo. Mzamiaji ni mkosaji kwa mwenye meli, lakini naye hayuko nje ya sheria. Mkataba wa mwaka 1965 wa kurahisisha usafiri wa meli, kwa marekebisho ya mwaka 2002, unataka mzamiaji atendewe kibinadamu, apewe chakula, malazi na matibabu, na usalama wake ulindwe mpaka akabidhiwe kwa mamlaka za nchi kavu.

Mwaka 2011, Watanzania wawili waliozamia meli huko Cape Town waligunduliwa na mabaharia, wakashushwa baharini juu ya chelezo cha mapipa. Mawimbi yaliwapeleka pwani ya Liberia. Mmoja wao hakupona. Lakini mauaji ya namna hiyo yamewahi kuadhibiwa. Mwaka 1992, wazamiaji wanane kutoka Afrika Magharibi waliuawa ndani ya meli MC Ruby. Wa tisa alijificha, akaponyoka meli ilipofika Ufaransa na kutoa taarifa polisi. Mwaka 1995 mahakama ya nchi hiyo iliwahukumu nahodha na msaidizi wake kifungo cha maisha.

Tangu mwaka 2014, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji (IOM) limehesabu watu zaidi ya 30,000 waliokufa au kupotea katika Mediterania pekee. Hawakufa kwa kukosa sheria za kuwalinda. Baadhi yao walikufa pale nchi zilipokuwa zikibishana ni ipi kati yao yenye jukumu.

Kwa hiyo, mtu anaposikia kwamba meli imezuiwa kutia nanga au boti imerudishwa ilikotoka, maswali ya kuuliza ni matatu. Nani alipokea wito wa kwanza wa dharura? Meli iliyowachukua watu hao ilipeperusha bendera ya nchi gani? Na je, kabla ya kurudishwa, kuna aliyewasikiliza mmoja mmoja?

Wale 24 hawakusikilizwa Mei 2009. Wawili kati yao walifariki kabla hukumu haijatolewa. Mwingine alifanikiwa kuvuka tena baada ya vita kuanza Libya, na Juni 2011 Italia, nchi ile ile iliyomrudisha Tripoli bila kumuuliza neno, ilimtambua kuwa ni mkimbizi.